Kilele Si Kipimo Pekee

Mei 2024, Mkenya Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki aliyependa milima kwa dhati, alifariki karibu kabisa na kilele cha Everest, mita 8,849 juu ya usawa wa bahari. Alikuwa akipanda bila mtungi wa oksijeni, mahali ambapo kila pumzi huleta takriban theluthi moja tu ya oksijeni anayoivuta mtu wa pwani. Mwongozaji wake, Nawang Sherpa wa Nepal, naye hakurudi. Familia ya Kirui iliamua mwili ubaki huko, ili wengine wasihatarishe maisha yao kuushusha.

Uamuzi huo una uzito zaidi kuliko rekodi yoyote.

Ujasiri wa Kirui ulikuwa wa kweli, haufai kubezwa. Lakini hatari peke yake haiyapi maisha thamani. Wapagazi wa Kilimanjaro huikabili msimu hadi msimu wakitafuta karo ya watoto, na ni wachache wanaowaita mashujaa. Hata Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay mwaka 1953, alijivunia zaidi shule na hospitali alizosaidia kuwajengea Washerpa wa Nepal, kuanzia shule ya Khumjung iliyofunguliwa mwaka 1961.