Kompyuta Ikifa Kioo, Barua za Wazee Bado Zi Hai

Ninawaandikia kutoka Johannesburg, ninakokaa na binti yangu tangu nilipostaafu ukarani. Nimepindukia miaka sabini, na shughuli yangu siku hizi ni kuzipiga picha barua za wazee wetu, zile zilizokuwa zikienda na kurudi baina ya Unguja na Maskati, na kuziweka katika kompyuta mpakato ili wajukuu waje wazikute.

Siku moja, nikiwa katikati ya barua za marehemu mama yangu, kioo kilianza kuonesha mistari ya rangi, kisha kikawa cheusi. Feni inavuma, taa inawaka, lakini hakionekani kitu. Fundi wa kwanza akaniambia mashine imekufa na vyote vilivyomo vimekwenda nayo. Usiku ule sikulala. Kumbe hakusema kweli, na ndiyo sababu ya makala haya.

Kilichokufa ni chipu ya picha, ile inayochora kila unachokiona kwenye kioo. Hupata moto sana. Imeshikanishwa na kibao chake kwa matone madogo mno ya lehemu, na baina ya matone hayo hutiwa gundi ya kuyasaidia. Mashine ikifanya kazi vitu hivi hutanuka. Ikipoa husinyaa, na kila kimoja kwa kiasi chake. Ni kama kuupinda waya huku na huku: mara ya kwanza haukatiki, mara ya elfu unakatika. Gundi ikiwa dhaifu, mzigo wote huubeba lehemu, nayo hupasuka.

Yamewahi kutokea kwa wingi. Tarehe 2 Julai 2008 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa gharama za chipu zake za kompyuta mpakato zilizofungwa kwa malighafi dhaifu. Dell na HP waliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya mashine zao, na Apple ikakubali kutengeneza bure zilizoathirika hata kama dhamana imekwisha. Mashine yangu haikuwa miongoni mwa hizo, lakini ugonjwa ni ule ule.

Fundi wa pili alitaka kuipuliza chipu kwa hewa ya moto. Wengine hukioka kibao kizima ndani ya oveni. Joto hilo huzifanya nyufa zigusane, picha ikarudi, na baada ya siku au wiki chache ikapotea tena. Msilipe bei ya matengenezo kwa jambo hilo, wala msilifanye katika oveni ya chakula, kwani moshi wake ni sumu. Dawa ni chipu mpya au kibao kipya.

Mwishowe mjukuu wangu alifungua skrubu, akaitoa diski, akaitia katika kasha dogo na kuichomeka kwenye mashine yake. Barua zote zilikuwemo. Diski na chipu ya picha ni vitu viwili mbali mbali. Lakini jihadharini: katika baadhi ya mashine mpya hifadhi imelehemiwa kwenye kibao, haitoki.

Kinga ni rahisi. Johannesburg iko kiasi cha mita 1,750 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, basi feni ile ile huondoa joto pungufu. Nanyi wa Ghuba mna joto la kiangazi na vumbi la jangwa. Safisheni feni walau mara moja kwa mwaka, msiweke mashine juu ya mto au kitanda, wala msiiache ndani ya gari. Kwa walioko hapa Afrika Kusini, Sheria Namba 68 ya 2008 ya kuwalinda walaji inampa mnunuzi miezi 6 kurejesha kitu kibovu na kuchagua atengenezewe, abadilishiwe au arudishiwe fedha zake.

Skuli ya misheni walitufunza kuandika kwa hati safi. Ofisini nikajifunza karatasi ya kaboni, kwamba kila barua iwe na nakala. Nililisahau hilo uzeeni. Sasa barua za mama ziko Johannesburg, Unguja na Maskati. Kama zenu ziko katika mashine moja tu, zinakilini usiku huu.