Kabla ya kuulaumu mzimu: Tusome vitabu vya uhalifu, tujifunze kudai ushahidi

Tajiri mmoja anakutwa ameuawa kwenye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka ubani na nadhiri zao na hawapapiti usiku. Kwa walio wengi jibu limeshapatikana: wa kale wamekasirika, wamechukua mtu wao. Maiti izikwe, matanga yaishe, kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Kisha anafika bwana mmoja mtulivu, mvuta kiko, asiye na haraka ya kukubali wala kukataa. Anataka kujua ni nani aliyemwona marehemu mara ya mwisho, ni nani atakayefaidika na kifo hiki, na kwa nini maiti ikutwe hapo, isikutwe pengine.

Bwana huyo ni Bwana Msa, na kitabu ni *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Mswada wake ulishinda shindano la uandishi wa hadithi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, na mwaka 1960 ukatoka kitabu. Abdulla aliwahi kuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuingia katika uandishi wa habari. Kazi zote mbili humtaka mtu afike mwenyewe penye tukio, aone kwa macho yake, ndipo aandike.

Zaidi ya miaka 60 imepita, na bado wapo wazazi na walimu wanaouliza: mtu mwenye akili zake anapata faida gani kusoma habari za mauaji na ujambazi? Swali hilo lina haki ya kujibiwa. Jibu langu ni kwamba kitabu kizuri cha uhalifu, kiwe cha kubuni au cha tukio la kweli, humzoesha msomaji jambo ambalo jamii yetu inalihitaji sana, nalo ni kukataa kumtia mtu hatiani kwa uvumi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mpelelezi hujibu kwamba lisemwalo lithibitishwe kwanza.

Rafu tuliyoidharau

Baada ya Abdulla, milango ilifunguka. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa *Simu ya Kifo*, na upelelezi ukahamia Dar es Salaam, mji wa simu, magari na watu wasiojuana. Abdulla mwenyewe aliendelea na Bwana Msa na rafiki yake Najum katika *Kisima cha Giningi*, *Duniani Kuna Watu* na *Siri ya Sifuri*. Aristablus Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba katika *Kufa na Kupona* mwaka 1974, kisha *Kikosi cha Kisasi*, *Njama* na *Hofu*. Vijana wa wakati huo walioisikia habari ya ukombozi wa kusini mwa Afrika kwenye redio waliikuta tena humo, ikiwa na majasusi, hila na risasi. Ben Mtobwa, mtoto wa Kigoma, akamzaa mpelelezi Joram Kiango, akaandika *Dar es Salaam Usiku* na *Tutarudi na Roho Zetu?*, tena akaanzisha kampuni yake ya uchapishaji, Heko, ili vitabu viwafikie wasomaji.

Vitabu hivi vilisomwa kwenye mabasi, mabwenini na vibandani. Vilipita mkono kwa mkono mpaka majalada yakatoka na kurasa za mwisho zikapotea, jambo linalouma kuliko yote kwa msomaji wa riwaya ya upelelezi. Vyuoni viliitwa fasihi pendwa, na baadhi ya wahakiki walilitamka jina hilo kana kwamba kupendwa ni kasoro. Siwezi kukubaliana nao. Maelfu ya Watanzania na Wakenya walizoea kusoma kitabu kizima cha Kiswahili kwa hiari yao, pasipo mtihani, kwa sababu ya Msa, Gamba na Kiango. Mtu aliyewahi kukesha na kitabu kwa kuwa anataka kujua muuaji ni nani, amekwisha kuwa msomaji. Kazi iliyobaki ni kumpa kitabu kingine.

Zaidi ya hapo, riwaya hizi zilimfundisha kusoma kwa mashaka. Msomaji wa Bwana Msa hawezi kumwamini kila msemaji. Analinganisha maneno ya ukurasa wa 20 na ya ukurasa wa 90, anaona pasipolingana, anajiuliza huyu anaficha nini. Njia ya mwongo ni fupi, lakini kuifuata mpaka mwisho kunahitaji subira, na subira hiyo hujengwa kwa mazoezi.

Mtunzi aliyeichukua kesi ya kweli

Wahakiki wamekwisha kueleza kwamba Bwana Msa ana undugu na Sherlock Holmes, mpelelezi wa kubuni wa Arthur Conan Doyle wa Uingereza, aliyetokea vitabuni kwa mara ya kwanza mwaka 1887. Lisilosimuliwa sana kwetu ni kwamba Doyle hakuishia kwenye kubuni.

Desemba 1908, huko Glasgow, Scotland, bibi kizee tajiri aitwaye Marion Gilchrist aliuawa nyumbani kwake. Polisi walimshuku Oscar Slater, Myahudi kutoka Ujerumani, mgeni mjini na mcheza kamari. Walimfuata kwa sababu alikuwa ameweka rehani bruchi ya almasi, nao walikuwa wakitafuta bruchi iliyopotea kwa marehemu. Ikabainika kuwa ile ya Slater ilikuwa nyingine kabisa. Hata hivyo hawakumwacha. Mwaka 1909 alihukumiwa kunyongwa, na zikiwa zimesalia siku mbili hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Doyle aliichambua kesi hiyo na mwaka 1912 akachapisha kijitabu kuonyesha mashimo yake. Hakumpenda Slater, wala hakuficha kwamba mwenendo wake haukumpendeza. Alichosema ni kwamba tabia ya mtu haiwi ushahidi wa mauaji. Watu wengine nao waliendelea kupigania kesi ile, na Slater alitoka gerezani mwaka 1927 baada ya zaidi ya miaka 18. Mwaka uliofuata hukumu yake ilitenguliwa.

Hebu tujiulize ni akina Slater wangapi wamepita mitaani kwetu: mgeni asiye na ndugu, kijana mwenye sifa mbaya, mtu aliyeitiwa mwizi akazungukwa kabla hajafungua mdomo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, bibi vizee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na kimoja cha “vithibitisho” kilikuwa macho mekundu. Macho ya mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote huwa mekundu kwa moshi. Mtu aliyesoma kwa makini namna Bwana Msa anavyofanya kazi angelitoa jibu hilo hata kabla ya kuulizwa.

Wanyama waliosingiziwa Mara

Septemba 1988, binti wa Kiingereza mwenye umri wa miaka 28, Julie Ward, alipotea katika hifadhi ya Maasai Mara, Kenya. Alikuwa amekwenda kupiga picha za wanyama. Mabaki ya mwili wake yalipopatikana, maelezo yaliyotolewa mwanzoni na mamlaka ni kwamba aliliwa na wanyama. Baba yake, John Ward, alikataa. Daktari aliyeuchunguza mwili aliandika kwamba mifupa ilikatwa kwa kitu chenye makali, na ripoti yake ikabadilishwa ili isomeke kana kwamba mifupa hiyo imeraruliwa. Ward alisafiri kwenda Kenya mara nyingi, akatafuta wataalamu kwa fedha zake, akahoji, akapekua, akadai. Mwaka 1991 alichapisha kitabu ambacho jina lake linatangaza kwamba wanyama hawana hatia.

Ukikiweka kitabu hicho kando ya kile cha Abdulla, utashangaa. Kimoja ni cha kubuni, kimetungwa Zanzibar. Kingine ni cha kweli, kimeandikwa na mzazi aliyefiwa. Katika vyote viwili kuna jibu jepesi lililowekwa mbele ya watu, jibu ambalo halimgusi mwenye nguvu yeyote. Pale ni mzimu, hapa ni simba na fisi. Mzimu haupandishwi kizimbani, na fisi hahojiwi. Ndiyo maana majibu ya namna hiyo huwafaa wauaji.

Kesi mbili zilifikishwa mbele ya mahakama za Kenya katika miaka ya 1990, na washtakiwa wote wakaachiwa. Mwaka 2004 uchunguzi wa kifo uliofanyika Uingereza ulihitimisha kwamba Julie aliuawa kinyume cha sheria. John Ward alifariki dunia mwaka 2023, na hakuna aliyetiwa hatiani. Kitabu chake hakikumpatia haki aliyoitafuta, lakini kiliufanya uongo usiwe ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki.

Sauti ya nani?

Hapa ndipo vitabu vya matukio ya kweli vinapohitaji msomaji mwenye macho makali zaidi, kwa sababu anayesimulia ndiye anayeamua tumlilie nani.

Mkenya John Kiriamiti alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 1971 kwa unyang'anyi. Kitabu chake kuhusu maisha ya ujambazi, *My Life in Crime*, kilitoka mwaka 1984 na kikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa kuliko vyote nchini humo. Kinavutia kwa kasi yake na ujuzi wa mtu aliyekuwamo. Mwaka 1989 Kiriamiti alitoa kitabu cha pili akiieleza habari ileile kwa upande wa mwanamke aliyeishi na jambazi. Nawashauri wanaokipenda cha kwanza wasome na cha pili. Wizi wa benki ukisimuliwa na mwizi ni ushujaa, lakini ukisimuliwa na anayemsubiri nyumbani ni hofu na aibu isiyolala.

Hata kazi zinazosifiwa duniani zina doa hili. *In Cold Blood* cha Truman Capote, Mmarekani, kinahesabiwa kuwa kielelezo cha fani hii. Kinahusu mauaji ya watu wanne wa familia ya Clutter huko Holcomb, Kansas, Novemba 1959. Capote aliandika kwa ustadi mkubwa, lakini wauaji walipata nafasi pana kuliko waliouawa, mabinti wawili wa familia waliosalia hawakuridhika na picha iliyochorwa, na tukio la kufungia kitabu, pale makaburini, alilibuni. Mwandishi anayeahidi ukweli hana ruhusa hiyo. Aliyekufa hawezi kusimama kukanusha.

Kwetu doa hili limekuwa kidonda. Magazeti ya udaku na sasa kurasa za mitandaoni huchapa picha za maiti, hutaja majina ya watoto waliodhulumiwa na kumtangaza mtuhumiwa kuwa muuaji kabla hakimu hajasikia shahidi wa kwanza. Wafiwa hukutana na picha ya mpendwa wao kwenye simu ya mpita njia. Hiyo ni biashara ya msiba, na msomaji akiinunua anashiriki.

Kwa hiyo, unaposhika kitabu cha tukio la kweli, angalia mambo machache. Je, marehemu anajulikana kama mtu, ana kazi, ndugu na mapenzi yake, au ni maiti tu ya kuanzishia hadithi? Je, mwandishi anaonyesha alikoyatoa aliyoyaandika: ushahidi mahakamani, nyaraka, watu aliowahoji? Je, anatenganisha kilichothibitika na anachokidhania? Kitabu kinachofeli hapo hakistahili usiku wako, hata kama taharuki yake inakata pumzi.

Majalada yanasubiri waandishi

Riwaya za kubuni tunazo, na waandishi wapya bado wanajitokeza. Rafu ya Kiswahili ya matukio ya kweli yaliyofanyiwa uchunguzi wa kina ndiyo nyembamba, na sababu si uhaba wa habari. Hukumu za mahakama za Tanzania zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, na za Kenya kwenye Kenya Law. Mle mna mashahidi, tarehe, vielelezo, makosa ya wapelelezi na rufaa zilizowatoa watu gerezani baada ya miaka mingi. Kikwazo kikubwa kimekuwa lugha, kwa kuwa sehemu kubwa ya hukumu hizo imeandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mabadiliko hayo yatakuwa na maana kamili siku mwananchi wa Shinyanga atakapoweza kusoma, kwa lugha yake, kitabu kizima kinachoeleza jinsi jirani yake alivyouawa kwa tuhuma ya uchawi, nani alimtuhumu, nani alirithi shamba lake, na mahakama ilisema nini.

Waandishi wa habari mliokaa mahakamani miaka nenda rudi, daftari zenu zina vitabu. Viandikeni, mkianza na wafiwa, kwa ruhusa yao na kwa heshima yao. Wachapishaji, rudisheni sokoni kazi za Abdulla, Katalambulla, Musiba na Mtobwa, maana wajukuu wa wasomaji wa kwanza wanazitafuta. Walimu, msimnyang'anye mwanafunzi riwaya ya upelelezi. Mwulizeni amemshuku nani na kwa ushahidi gani.

Nawe msomaji, mwisho wa wiki hii tafuta kitabu kimoja cha Bwana Msa ukisome mpaka mwisho. Kisha, mtaani kwako watakapomnyooshea mtu kidole, uwe wa kwanza kuuliza: ushahidi uko wapi?