"Kiokotwa" na Sheria ya Mambo ya Kale

Wataalamu wa akiolojia hutofautisha masalia yaliyofukuliwa kwa kuchimba na yale yanayokutwa juu ya ardhi, yakiwa yamefichuliwa na mvua, jembe au mawimbi. Mtu akitafuta jina la kundi hili la pili, neno limjialo kwanza ni "viokotwa". Umbo lake halina kasoro. Taabu i katika maana.

Kitenzi "okota" humtanguliza mtendaji. Katika mazungumzo ya kila siku, kilichookotwa njiani kimekwisha kupata mwenyewe, ilmradi hakuna anayekidai. Sheria haisemi hivyo. Nchini Kenya, kwa Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa, vitu vya kiakiolojia vilivyogunduliwa baada ya sheria hiyo kuanza kutumika ni mali ya Serikali. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979. Humo kifaa kilichotengenezwa kabla ya 1863 ni salio la kale. Agunduaye hupaswa kutoa taarifa, wala hakitolewi nje ya nchi bila leseni. Mkulima aliyekiona shambani mwake ni mgunduzi. Kumwita mwokotaji ni kumpotosha, na huenda kukamfikisha mahakamani.

Hasara nyingine ni ya elimu. Katika korongo la Isimila, karibu na Iringa, mvua hufichua mashoka ya mawe ya zama za kale. Shoka likishahamishiwa kabatini bila kuandikwa lilipokuwa, limebaki jiwe tu. Kinyume chake, mwaka 1944 askari mmoja aliona sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, Australia, tano kati yake zikiwa za Kilwa. Kwa kuwa alitia alama ramanini, wataalamu waliweza baadaye kurudi papo hapo kuchunguza.

Kwa hiyo napendekeza "masalia ibukizi". Kitu huibuka chenyewe. Kitenzi hakimtaji anayekichukua, na swali la umiliki huachiwa sheria, mahali pake hasa. Linabaki tatizo dogo la umoja: "salio ibukizi" litawachekesha wahasibu, kwani kwao salio ni fedha iliyobaki. Kwa kimoja, basi, tuseme "kifaa ibukizi".