Mtaji wa Kenya Unapovuka Mpaka



Mtu akitaja mwajiri wa kigeni, wengi wetu humfikiria Mzungu wa London au, siku hizi, Mchina. Lakini wapo waajiri wa kigeni tunaosema nao Kiswahili. Tangu miaka ya 1990 makampuni ya Kenya yamekuwa yakifungua viwanda, maduka na mabenki katika Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na Kongo. Tumeona tueleze safari ya fedha hizo katika ukurasa huu wa nchi jirani, kwa kuwa fedha zikienda vibaya anayeumia kwanza ni mfanyakazi.

Zamani mambo yalikuwa mengine. Baada ya Uhuru, Kenya ilituuzia bidhaa tu. Viwanda vilijengwa Nairobi, vingi vikiwa matawi ya makampuni ya Uingereza, na Tanganyika na Uganda zikawa soko. Ndiyo maana mwaka 1964 serikali tatu zilikutana Kampala zikajaribu kugawana viwanda: balbu za umeme Kenya, baiskeli Uganda, matairi Tanganyika. Mgawanyo ule haukudumu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi 1983, na mtaji wa Kenya ukabaki nyumbani.

Mlango ulifunguka pale serikali zetu zilipoanza kuuza mashirika ya umma. Hapo ndipo ilipoanza vita ya bia, nayo inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa maana wapo vijana viwandani ambao hawajapata kuisikia.

Mwaka 1993 kampuni ya bia ya Afrika Kusini ilichukua nusu ya Tanzania Breweries. Miaka hiyo hiyo, East African Breweries ya Nairobi iliingia Moshi na kiwanda cha Kibo. Wale wa Afrika Kusini nao wakajibu: mwaka 1998 wakafungua kiwanda cha Castle huko Thika, mlangoni kwa Mkenya. Kila mmoja alikuwa anapigana katika uwanja wa mwenzake. Mwaka 2002 wakachoka, wakakaa mezani, wakapatana. Kiwanda cha Moshi kikafungwa, na cha Thika kikafungwa. Wa Nairobi wakapata hisa 20 katika kila 100 za Tanzania Breweries, na wenzao wakapata hisa 20 katika kila 100 za Kenya Breweries. Wenye mali wa pande zote mbili waliondoka na kitu mkononi.

Wafanyakazi wa Moshi na wa Thika walikuwa na vyama viwili katika nchi mbili, na mapatano yaliyowaondoa kazini yalikuwa ni yale yale. Mwaka 2010 mtaji ule wa Nairobi ulirudi tena Tanzania ukanunua hisa 51 katika kila 100 za Serengeti Breweries, na mwaka uliofuata ukauza hisa zake za Tanzania Breweries. Mtaji hufanya hivyo, hutoka na kurudi.

Baada ya bia yalikuja maduka makubwa. Uchumi, ambayo serikali ya Kenya yenyewe ilikuwa na hisa ndani yake, ilifungua Uganda, kisha Tanzania. Nakumatt, iliyoanza kwa kuuza magodoro Nakuru, iliingia Rwanda, Uganda na Tanzania. Huku kwetu ilirithi mwaka 2014 maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini, iliyokuwa inafunga virago. Tulisifiwa kwamba sasa Mwafrika anamwajiri Mwafrika. Oktoba 2015 Uchumi ikafunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania kwa mkupuo mmoja, ikarudi Nairobi kujitibu. Nakumatt ilianguka 2017 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ya kuifilisi.

Sasa tusikilizane vizuri juu ya hesabu moja. Kampuni ya Kenya inapobana matumizi, hufunga wapi kwanza? Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi aliyepunguzwa kazi alipwe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliotimiza, bila kuweka ukomo wa miaka. Sheria yetu ya Tanzania ya mwaka 2004 inasema siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, na mwisho ni miaka 10. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 haikuweka kiwango. Iliacha mwajiri na mfanyakazi wapatane. Basi mfanyakazi aliyetumikia miaka 20 atadai Nairobi siku 300, na Dar es Salaam siku 70. Kampala atadai kadiri ya nguvu ya chama chake. Hatusemi kwamba hiyo ndiyo sababu ya duka hili au lile kufungwa. Tunasema mwajiri hodari wa hesabu anaijua tofauti hiyo, na sisi tuijue. Na hapo tunamzungumzia mwajiri anayelipa. Aliyefilisika ana benki mlangoni zenye hati za dhamana, na mfanyakazi ana mkataba wake wa kazi tu.

Viwandani tunao mfano wa Tanga. Kampuni ya saruji ya ARM ya Kenya ilijenga kiwanda kikubwa Maweni kwa fedha za mikopo. Dangote akaja Mtwara mwaka 2015, bei ya saruji ikashuka, mikopo ikabaki pale pale. Mwaka 2016 shirika la serikali ya Uingereza, CDC, liliweka dola milioni 140 kuiokoa ARM, wala haikuokoka. Agosti 2018 iliwekwa mikononi mwa wasimamizi, na mwaka 2020 kiwanda cha Maweni kikauzwa kwa Huaxin ya China. Kwa hiyo mtaji tuliouita wa Kenya ulikuwa na Mwingereza ndani yake, na mwisho ukawa wa Mchina. Bia nayo ni vivyo hivyo: nyuma ya Nairobi alikuwako Diageo wa London, ambaye mwaka 2023 alifikisha hisa 65 katika kila 100.

Mashambani, watazame wenzetu wa Kalangala, kisiwani katika Ziwa Victoria. Bidco ya Thika iliingia Uganda pamoja na Wilmar ya Singapore kulima michikichi. Wakulima wadogo wa huko waliwekewa hisa 10 katika kila 100 za kampuni ya mashamba, kupitia mfuko wao. Fungu hilo lilikuwa la wakulima. Vibarua wanaokata mikungu wanategemea mshahara.

Siku hizi fedha za Kenya hupenda mabenki. KCB ilifungua Tanzania mwaka 1997 na baadaye ikazunguka nchi jirani. Equity ilinunua benki Kongo mwaka 2015 na nyingine 2020, na KCB ikafuata huko 2022. Benki huajiri watu wachache kuliko kiwanda, na hao wachache ni vigumu kuwaandikisha chamani. Tunalisema kama waandikishaji.

Tangu Julai 2010 tuna Itifaki ya Soko la Pamoja. Mtaji unavuka Namanga kwa barua ya benki, lakini mfanyakazi bado anaulizwa kibali cha kazi. Kwa hiyo kila tawi lifanye kazi hii kabla ya mkataba wa hali bora kusainiwa upya: lijue kampuni mama ni ipi na iko wapi, lihakiki michango ya pensheni kila mwezi badala ya kungoja siku ya kufungwa, na lidai kiinua mgongo cha siku 15 kama anacholipa mwajiri huyo huyo kwao. Shirikisho la vyama vya Afrika Mashariki lipo Arusha, na dai la kuzisawazisha sheria tatu hizi ni lake.

Nao upepo umeanza kugeuka. Desemba 2024 Amsons ya Dar es Salaam ilikamilisha ununuzi wa Bamburi, kiwanda kikubwa cha saruji cha Kenya. Sasa ni zamu ya wenzetu wa Mombasa kumchunguza mwajiri aliyevuka mpaka. Sisi huku tunamfahamu tangu siku nyingi. Matawi yetu ya saruji yawapelekee nakala za mikataba ya hali bora mapema, kabla hawajaitwa mezani.