Foleni ya Baiskeli za Umeme: Uhaba wa Miaka ya 2020 hadi 2022 na Mzigo Alioubeba Mnunuzi

Kwa mujibu wa sheria za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya umeme ni baiskeli yenye pedali ambayo mota yake humsaidia mwendeshaji pale tu anapokanyaga, nguvu yake ya kudumu haizidi wati 250, na msaada huo hukoma mwendo unapofika kilomita 25 kwa saa. Chombo kinachotimiza masharti hayo huhesabiwa sawa na baiskeli ya kawaida, yaani hakidai leseni ya udereva wala namba ya usajili, nacho humwezesha mtu asiye na mazoezi makubwa kwenda kazini umbali wa kilomita 10 au 15 bila kufika akiwa ameloa jasho. Sifa hizo ndizo zilizokifanya kiwe miongoni mwa bidhaa zilizogombewa sana barani Ulaya kati ya mwaka 2020 na 2022, wakati ambapo mnunuzi aliyeingia dukani na fedha taslimu aliweza kuambiwa ajaribu tena mwakani.

Ugonjwa wa Uviko-19 ulipoenea mapema mwaka 2020, watu wengi waliogopa kubanana kwenye mabasi na treni, miji ikatenga njia za baiskeli kwa haraka, na baadhi ya serikali zikatoa ruzuku. Italia iliahidi kuwarudishia wanunuzi wa miji mikubwa asilimia 60 ya bei, mradi kiasi hicho kisizidi euro 500. Ujerumani, ambayo ndiyo soko kubwa kuliko yote ya Ulaya kwa bidhaa hii, iliuza baiskeli za umeme zipatazo milioni 1.36 mwaka 2019. Mwaka uliofuata ziliuzwa milioni 1.95, mwaka 2021 milioni 2, na mwaka 2022 milioni 2.2. Takwimu hizo zinastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu zinapingana na picha ya maduka matupu: katika miaka ileile ambayo wanunuzi walilalamika mno, baiskeli zilizotoka madukani zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote uliotangulia. Tatizo, kwa hiyo, halikuwa kwamba baiskeli hazitengenezwi, bali kwamba mahitaji yalivitangulia viwanda, na aliyeumia zaidi ni mtu aliyesimama kwenye foleni bila kuambiwa foleni hiyo ina urefu gani wala inasubiri nini.

Foleni ilisubiri vipuri. Kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye fremu kwa kawaida haitengenezi sehemu nyingi za baiskeli yake, bali huzinunua na kuziunganisha. Fremu za alumini hutoka kwa wingi Taiwan, China na Vietnam. Mota za daraja la juu hutoka kwa makampuni machache kama Bosch ya Ujerumani, Yamaha na Shimano za Japani. Na gia, cheni na breki za sehemu kubwa ya soko hutoka kwa Shimano hiyohiyo, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai na yenye viwanda pia Singapore, Malaysia na China. Malaysia ilipowafungia watu majumbani mwezi Juni 2021, na kusini mwa Vietnam kulipofuata mwezi Julai, viwanda vya ukanda huo vilisimama au vilifanya kazi na wafanyakazi wachache, na kwa baadhi ya vipuri muda kati ya kuagiza na kupokea ulipita mwaka mmoja.

Inafaa kukitazama kipuri kimoja kwa karibu. Kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine ni pande la chuma na plastiki lenye uzito usiofika nusu kilo, linalofungwa kwa bolti moja karibu na gurudumu la nyuma, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya baiskeli nzima. Hata hivyo, kikikosekana, baiskeli haiwezi kuuzwa ingawa fremu, mota, betri na matairi viko tayari. Ndivyo ilivyotokea kwamba maghala yalijaa baiskeli zilizokamilika isipokuwa kipande kimoja, mtaji ukiwa umelala ndani yake, huku mnunuzi akijibiwa kwa neno lile lile kwamba baiskeli yake iko njiani. Hakuwa akidanganywa moja kwa moja, lakini hakuwa ameambiwa ukweli uliomfaa, yaani ni kipuri gani kinachosubiriwa na kinasubiriwa kutoka wapi, maelezo ambayo yangemwezesha kuamua kama angoje, achague aina nyingine yenye gia tofauti, au adai fedha zake.

Kwa baiskeli ya kawaida, ugumu huo una njia ya kuuzunguka. Fundi yeyote mwenye spana na uzoefu, iwe Dodoma, Kisumu au Hamburg, aweza kufunga breki za kampuni moja kwenye baiskeli ya kampuni nyingine, au kutoa kipuri kwenye baiskeli kuukuu na kuitengenezea mpya. Baiskeli ya umeme imeufunga mlango huo kwa kiasi kikubwa. Ndani ya mota mna bodi ya elektroniki inayopima mara nyingi kwa sekunde nguvu ya mguu kwenye pedali na mwendo wa gurudumu, kisha huamua mota ichote umeme kiasi gani kutoka kwenye betri. Na katika mifumo mingi mota, betri na skrini ndogo iliyo kwenye usukani hutambuana kabla ya kuanza kazi, kiasi kwamba skrini isipokuwapo mota haiwaki, wala skrini ya kampuni nyingine haiwezi kuazimwa kuziba pengo. Sehemu zote hizo zinahitaji chipu, yaani vipande vidogo vya silikoni vinavyofanya hesabu na kutoa amri, na chipu nazo zilikuwa zimeadimika kwa wakati huohuo. Watengenezaji wa magari walizipunguza oda zao mwanzoni mwa janga, kisha wakarudi sokoni kwa pupa wakati viwanda vya chipu vilikuwa tayari vimeelemewa na oda za kompyuta na simu. Februari 2021 baridi kali ilizima umeme na kusimamisha viwanda vya chipu huko Texas, na mwezi uliofuata moto uliteketeza sehemu ya kiwanda cha Renesas kilichoko Naka, Japani. Mbele ya wenye magari wanaonunua chipu kwa mamilioni, mtengenezaji wa baiskeli hakuwa mteja wa kwanza kuhudumiwa.

Betri ilileta ugumu wake. Betri ya baiskeli yenye volti 36 na uwezo wa takriban watisaa 500 hujengwa kwa seli zipatazo 40, kila moja ikiwa mcheduara mdogo wenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, na seli bora za aina hiyo hutengenezwa na makampuni machache tu duniani, ambayo huwauzia pia watengenezaji wa vifaa vya ufundi na vya nyumbani. Bei ya lithiamu kabonati, madini yanayotumika kutengenezea seli hizo, ilipanda nchini China zaidi ya mara kumi kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022. Isitoshe, betri ya lithiamu husafirishwa kama mzigo wa hatari, na betri ya akiba yenye uwezo unaozidi watisaa 160 haikubaliwi katika mizigo ya abiria wa ndege, ambayo ina maana kwamba njia iliyozoeleka ya kumwomba ndugu anayesafiri alete kitu kilichoadimika haikuwezekana hapa.

Kwa sababu hiyo karibu kila kitu kilipita baharini, na bahari nayo haikuwa shwari. Tarehe 23 Machi 2021 meli ya makontena iitwayo Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ilikwama ikiwa imekingama katika Mfereji wa Suez na kuufunga kwa siku sita. Miezi miwili baadaye bandari ya Yantian, kusini mwa China, ilipunguza kazi kwa wiki kadhaa kutokana na maambukizi. Na gharama ya kusafirisha kontena la futi 40 kutoka Shanghai hadi Rotterdam, ambayo kabla ya janga ilikuwa dola elfu mbili hivi, ilivuka dola 10,000. Baiskeli ni bidhaa inayojaza nafasi kubwa kuliko uzito wake, hivyo ongezeko hilo liliishukia kwa nguvu. Kulikuwa pia na uamuzi wa kisera uliotangulia janga: tangu Januari 2019 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeziwekea baiskeli za umeme kutoka China ushuru wa ziada wa kati ya asilimia 18.8 na 79.3, kwa hoja kwamba zinauzwa kwa bei ya kutupa na kwa msaada wa ruzuku ya serikali. Ushuru huo ulivinufaisha viwanda vya kuunganisha vya Hungaria, Bulgaria na kwingineko Ulaya, lakini haukuhamisha utengenezaji wa vipuri, na uhaba ulipoingia, mlango wa China ulikuwa umekwisha kufanywa ghali.

Hadi hapa sababu zinazotajwa ni za nje, na wafanyabiashara walizitaja mara kwa mara. Ipo nyingine iliyozaliwa ndani ya biashara yenyewe, ambayo wataalamu wa ugavi huiita athari ya mjeledi kwa kuwa mtikiso mdogo wa mkono hugeuka wimbi kubwa kwenye ncha. Mnunuzi mmoja, akihofia kukosa, huandikisha jina katika maduka matatu. Kila duka huhesabu mteja mmoja. Na kwa kuwa duka linajua kwamba msambazaji atatoa nusu tu ya kilichoagizwa, huagiza maradufu. Msambazaji naye hufanya hivyohivyo kwa kiwanda, kiwanda kwa mwenye gia, hadi hitaji la baiskeli moja linaposomeka kama la baiskeli kadhaa. Oda za mwaka 2022 na 2023 ziliwekwa katika hali hiyo ya hofu, nazo zilirefusha foleni iliyowatia watu hofu, kwa kuwa mwenye gia hakuweza kupambanua oda ya kweli na ya tahadhari, na aligawa vipuri vichache alivyonavyo kwa wote.

Katika mlolongo huo wote, aliyekuwa na taarifa chache kuliko wengine ndiye aliyetakiwa kulipa mapema. Maduka mengi yalidai arbuni, yaani sehemu ya bei inayotangulizwa ili kuthibitisha nia ya kununua. Kwa baiskeli ya euro 3,500, arbuni ya asilimia 20 ni euro 700, na fedha hizo zikikaa dukani mwaka mzima huwa ni mkopo usio na riba ambao mnunuzi hakukusudia kuutoa. Bei nayo haikutulia: wastani wa bei ya baiskeli ya umeme nchini Ujerumani ulikuwa takriban euro 2,650 mwaka 2021, na kufikia 2023 ulikuwa takriban euro 2,950. Hata vifaa vilibadilika, kwa kuwa katalogi nyingi zilikuwa na kifungu kinachomruhusu mtengenezaji kubadili vipuri bila taarifa, na mtu aliyechagua baiskeli kwa ajili ya breki au skrini fulani aliweza kukabidhiwa yenye breki au skrini ya daraja tofauti. Mwenye duka, kwa haki yake, mara nyingi alikuwa naye amefungwa na msambazaji, ila tofauti ni kwamba aliyajua masharti hayo alipokuwa akitia saini.

Sheria haikumwacha mnunuzi mikono mitupu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2011 kuhusu haki za walaji yanamtaka muuzaji akabidhi bidhaa ndani ya siku 30, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vinginevyo. Muuzaji akichelewa, mnunuzi humpa muda wa nyongeza unaofaa, na ukipita huo ana haki ya kuvunja mkataba na kurudishiwa fedha zote. Udhaifu umo katika ile nafasi ya kukubaliana vinginevyo, kwa kuwa neno kama "makadirio" likiandikwa mbele ya tarehe, siku 30 huyeyuka. Tarehe iliyoandikwa waziwazi kwenye risiti ya oda ilikuwa na thamani kubwa kuliko ahadi zote za kaunta. Nchini Uingereza, Sheria ya Mikopo ya Walaji ya mwaka 1974 huibebesha kampuni ya kadi ya mkopo dhamana pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei inayozidi pauni 100 na isiyopita 30,000, hata kama kilicholipwa kwa kadi ni arbuni tu.

Ulinzi huo ulionekana kuwa na maana mwaka 2023. Mabasi yalikuwa yamejaa tena, bei za vyakula na nishati zimepanda, na vipuri vilivyoagizwa kwa pupa vikafika vyote kwa pamoja. Maghala yalifurika, punguzo la bei likaenea, na aliyengoja mwaka mzima akalipa bei kamili aliiona baiskeli kama yake ikiuzwa kwa pungufu kubwa. Makampuni kadhaa yalianguka. VanMoof ya Amsterdam, iliyoanzishwa mwaka 2009, ilitangazwa kufilisika Julai 2023, na wateja waliokwisha kulipa bila kupokea baiskeli walijikuta nyuma ya benki na mamlaka ya kodi katika foleni ya wadai, foleni nyingine ambayo wengi wao hawakuwa wamewahi kuifikiria.

Kwa anayenunua sasa kutoka katika akiba ya miaka hiyo, bei ni nafuu, lakini seli za lithiamu huzeeka hata zikiwa ghalani, na huzeeka haraka zaidi zikihifadhiwa zikiwa zimejaa chaji au mahali penye joto. Hali nzuri ni kuziweka katikati, kati ya asilimia 30 na 60, mahali pakavu na baridi ya wastani. Tarehe ya kutengenezwa huwa imeandikwa kwenye lebo ya betri au hupatikana kwa namba yake ya utambulisho, na muuzaji anaweza kuombwa aiunganishe betri na kifaa cha uchunguzi ili uwezo uliobaki usomwe kabla ya malipo, na dhamana ya betri iandikwe kuanzia siku ya mauzo.