Kabla ya Rungwe, Everest

Mama mmoja wa Tunduma ameniandikia. Shule zikifungwa anataka kumpeleka binti yake wa miaka 11 akapande naye Mlima Rungwe, na ndugu wamemjia juu: mapafu ya mtoto bado machanga, kule kileleni hewa haitoshi, atakuja kujuta. Anauliza kama ndugu wana hoja au wana woga tu.

Wana woga tu, dada yangu. Mpeleke. Rungwe una kimo cha karibu mita 2,960, na nyie Tunduma mnaishi juu ya mita 1,500 siku zote, kwa hiyo nusu ya mlima mmeshaimaliza bila kuinua mguu. Habari za viatu, makoti ya mvua na mtu wa kuwaonyesha njia sitazigusa, wenyeji wa Tukuyu wanazijua kuliko mimi. Kwa kimo kama hicho watoto wa umri wake huumwa kichwa na kusikia kichefuchefu takriban sawa na wakubwa. Tofauti ni kwamba mkubwa husema mapema, mtoto hunyamaza ili asikatize safari, kwa hiyo muulize mara kwa mara na akisema kichwa kinamgonga mshuke. Kilimanjaro, ambao ni mara mbili ya Rungwe, hifadhi imeweka umri wa chini wa kufika kileleni kuwa miaka 10, ingawa kibali maalumu hutolewa: Machi 2018 msichana wa Kimarekani wa miaka 7 alifika Uhuru akiwa na mama yake. Basi, hilo limekwisha.

Lililonikosesha usingizi ni hayo “mapafu machanga.” Maana huyo binti, kabla hajawa na mapafu yanayofanya kazi hata kidogo, alikwisha kuishi mahali penye oksijeni haba kuliko Rungwe, kuliko Uhuru, karibu sawa na Everest. Aliishi humo miezi tisa, akanenepa humohumo. Na mlima wenyewe ulikuwa wewe.

Tutazame tarakimu. Oksijeni iliyo ndani ya damu hupimwa kwa milimita za zebaki, zilezile za mashine ya presha kliniki. Mtu mzima mwenye afya aliyekaa Dar es Salaam ana takriban 95 katika mishipa inayotoka kwenye moyo. Siku utakayosimama juu ya Rungwe ukihema, yako itakuwa kama 55 au 60. Mwaka 2007 kundi la madaktari Waingereza lilishuka kidogo kutoka kilele cha Everest, likasimama mita 8,400, wakavua vinyago vya oksijeni na kuchomana sindano mapajani kwenye baridi ile ili kuchukua damu. Wastani wa wanne waliopimwa ulikuwa 24.6. Wewe au mimi tukishushwa ghafla hadi hapo tunazirai. Sasa mtoto aliye tumboni: damu safi kuliko zote anazozipata, ile inayomfikia kwa mshipa wa kitovu ikitoka moja kwa moja kwenye kondo la nyuma, ina takriban 30. Hiyo ndiyo damu yake *nzuri*. Inayorudi kutoka kwake iko chini ya 20.

Joseph Barcroft, mwanafiziolojia wa Cambridge, ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kusema kuwa ndani ya mji wa mimba kuna Mlima Everest. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mwaka 1920 alijifungia siku sita katika chumba cha vioo akipunguziwa oksijeni. Msimu wa 1921 hadi 1922 aliongoza msafara hadi Cerro de Pasco kule Peru, zaidi ya mita 4,000, kupima damu ya wachimba madini. Baadaye, milima ikiwa imemtosha, akageukia kondoo wenye mimba, na huko akakuta kimo kirefu kuliko vyote alivyopanda.

Mtoto anawezaje? Hapa naomba nikae.

Nenda mpakani pale Tunduma asubuhi. Abiria anashuka kwenye Noah upande wetu, begi mgongoni, godoro lililokunjwa limefungwa kamba ya katani. Anaingia kwa miguu katika kituo cha pamoja cha mpakani, kile walichokizindua marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019, anagongewa muhuri, anatokea Nakonde, anadaka teksi ya Zambia. Noah haikuvuka. Teksi haikuvuka. Kilichovuka ni abiria na godoro lake. Kondo la nyuma ni mpaka wa namna hiyo. Damu ya mama na damu ya mtoto hazichanganyiki; zinapita kila moja upande wake, ukuta mwembamba katikati, na oksijeni ndiyo inayoshuka huku na kupanda kule.

Gari lenyewe ni himoglobini. Lina viti vinne, abiria wanne wa oksijeni, basi. Chembe moja nyekundu ya damu hubeba magari ya aina hiyo yapatayo milioni 270, kwa hiyo ichukulie chembe moja kuwa stendi nzima. Swali ni hili: kwa nini abiria aliyekwisha kukaa kwenye gari la mama ashuke akapande la mtoto, na si kinyume chake? Mpakani jibu ni kwamba anakwenda Lusaka. Oksijeni haina safari. Inakwenda inakoshikwa zaidi.

Ndani ya chembe nyekundu kuna kitu kiitwacho difosfogliserati, jina la kuvunja meno, tuliite DPG. DPG ni gunia. Gari la mtu mzima limeundwa kwa minyororo minne ya protini, alfa mbili na beta mbili, na katikati ya hizo beta mbili kuna uwazi. Gari likiwa tupu, gunia linaingia katika uwazi huo na kukwama, na likishakwama kukaa kwa abiria kunakuwa kwa shida. Kila mmoja yuko nusu nje, tayari kuruka. Usilionee gari huruma, ndivyo linavyotakiwa liwe. Misuli ya miguu inataka abiria washuke upesi wakifika, si wang'ang'anie viti. Mama anayepanda mlima anafaidi hilo katika kila hatua.

Gari la mtoto tumboni halina beta. Mahali pake pana minyororo inayoitwa gama. Beta ina asidi amino 146, gama nayo 146, na tofauti kati yao zipo kadhaa, lakini ninayoipenda iko kituo cha 143. Pale beta inaweka histidini, yenye chaji chanya, na gunia letu la DPG lina chaji hasi, kwa hiyo vinavutana na gunia linakaa. Gama pale imeweka serini, ambayo haina chaji. Kamba ya kufungia gunia haipo! Gunia linateleza, uwazi unabaki wazi, abiria wanakaa raha mustarehe na hawana haja ya kuruka. Asidi amino moja, mahali pamoja, katika kila mnyororo, na mtoto anakuwa na kondakta mwenye mkono wa chuma. Gari la mama hubaki na nusu ya abiria wake oksijeni ikishuka hadi 27. La mtoto hustahimili hadi 20 kabla ya kupoteza nusu. Kwenye ile 30 ya kitovu, ambako himoglobini yako ingejaa kwa zaidi kidogo ya nusu, ya mwanao imejaa kwa takriban robo tatu.

Na bado kuna wasafiri wa kurudi. Mtoto naye anatoa hewa ukaa, inavuka kutoka Nakonde kuja Tunduma. Ikifika upande wa mama inaongeza asidi katika damu yake, na himoglobini ikiguswa na asidi hulegea, inaangusha oksijeni zaidi. Wakati huohuo damu ya mtoto, ikiwa imeondokewa na asidi, inakaza. Yaani kila anayeingia Tanzania anamsukuma mwingine atoke, na kila anayetoka Zambia anaacha kiti kwa anayeingia. Athari hii ya asidi iligunduliwa na Christian Bohr wa Denmark na wenzake mwaka 1904, na kwa kuwa tunazungumzia wazazi na watoto, mtoto wake ni Niels Bohr, yule wa atomu.

Nguvu hii ya himoglobini kukamata oksijeni mimi naiita mshiko. Ningeweza kusema mvuto, ila mvuto tumeshaupa dunia na sumaku, na ukamataji wa oksijeni hauna uhusiano na tofaa kuanguka. Najua mjini mshiko ni hela. Vizuri zaidi: wabadilisha kwacha watanielewa mara moja.

Baada ya kuzaliwa, mapafu yanafunguka na hewa inajaa, uboho unazidi kuacha gama na kutengeneza beta. Siku ya kwanza sehemu kubwa ya himoglobini ya mtoto, kama asilimia 60 hadi 80, bado ni ya tumboni. Miezi sita baadaye zimebaki asilimia chache. Binti yako wa miaka 11 amebakiwa na chini ya asilimia moja, kwa hiyo Rungwe mtapanda wote wawili na magari ya aina moja, na wote mtategemea kuhema haraka.

Lakini je, mtu angebaki na mshiko wa tumboni mpaka ukubwani, angekuwa bingwa wa milima? Jaribio lipo. Mwaka 1978 Hebbel na wenzake wa Minnesota walieleza habari za familia moja ambayo baadhi ya ndugu wamezaliwa na himoglobini yenye mshiko mkali kupita kawaida. Waliwachukua wawili wenye mshiko huo na wawili wa kawaida, ndugu wa damu, wakawapeleka mita 3,100, kimo cha Rungwe na kidogo. Wale wa kawaida walipungukiwa nguvu kama sisi sote. Wenye mshiko, mioyo yao haikwenda mbio kama ya wenzao, na uwezo wao wa juu kabisa wa kutumia oksijeni haukupungua hata chembe. Watafiti wakawaita llama binadamu, kwa kuwa llama, mnyama wa milima ya Andes, naye ana himoglobini ya aina hiyo. Watu wanne ni wachache, sawa, ila ni jaribio zuri.

Kwetu Tanzania himoglobini hii ya tumboni ina kazi kubwa kuliko milima. Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa kila mwaka nchini wakiwa na selimundu. Wengi wao huonekana wazima kabisa kwa miezi ya mwanzo, mama anafurahi, kisha karibu na mwezi wa sita vidole vinavimba na kilio kinaanza. Selimundu ni kasoro ya beta. Maadamu mtoto anatumia gama, kasoro haina pa kujionyesha. Gama ikiondoka, inajitokeza. Ndiyo maana dawa ya haidroksiyurea husaidia: miongoni mwa mambo mengine, huushawishi uboho urudie kutengeneza gama. Majaribio yake kwa watoto wa Kiafrika yalifanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakachapishwa 2019, na maumivu yalipungua sana. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokwenda mbali zaidi: jeni iitwayo BCL11A, ile inayoizima gama baada ya kuzaliwa, hulemazwa ndani ya chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja.

Mwenye selimundu asipande Rungwe kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu oksijeni ikipungua ndipo chembe zake hujikunja. Kama binti yako hajawahi kupimwa, dada, kipimo hicho kitangulie, viatu mtanunua baadaye.