Hukumu ya zamani yamfuata mtafuta kibali kwa jirani

Fundi magari wa Arusha aliyepata kazi Nairobi hahitaji viza kuvuka Namanga. Mambo hubadilika pale anapoulizwa kama amewahi kutiwa hatiani, naye alifungwa kwa wizi akiwa kijana.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inamruhusu raia wa nchi mwanachama kufanya kazi kwa jirani. Mwenye mkataba unaozidi siku 90 ana siku 15 za kazi za kuomba kibali. Lakini Kifungu cha 10 kinairuhusu nchi mwenyeji kuiwekea haki hiyo mipaka kwa sababu za sera, usalama au afya ya umma.

Je, wizi wa miaka 15 iliyopita unahatarisha usalama wa umma? Itifaki haisemi. Umoja wa Ulaya ulilijibu swali hilo mwaka 2004: hukumu ya zamani peke yake haitoshi kumzuia raia wa nchi mwanachama. Huku kwetu kila nchi inafuata sheria yake. Ya Kenya, ya mwaka 2011, inamhesabu kuwa mhamiaji aliyepigwa marufuku mgeni aliyehukumiwa kwa kosa zito, lenye kifungo cha kuanzia miaka 3, kama hajapata msamaha. Kuficha hukumu hakusaidii, maana kudanganya katika maombi ni kosa jingine.

Hata hivyo, neno la afisa uhamiaji si la mwisho. Aprili 13, 2011, wakili Mkenya Samuel Mohochi alizuiwa Entebbe akiwa na ujumbe wa wanasheria, akarudishwa Nairobi. Karatasi aliyopewa ilimwita mhamiaji aliyepigwa marufuku. Kosa lake haikulitaja. Mei 2013, Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kuwa Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki. Nchi ina mamlaka juu ya mpaka wake, ila haiwezi kumfukuza raia wa Jumuiya bila kumweleza sababu wala kumsikiliza.

Kwa fundi wetu, basi, barua ya kukataliwa yenye sababu ni nyaraka ya kutunza pamoja na nakala ya hukumu na hati ya kutoka gerezani. Asikawie pia: Kifungu cha 30 cha Mkataba kinampa miezi 2 tu kufungua shauri.